Neno la Baba Kwenye Ukurasa Mpya

Ukurasa wetu wa zamani mtandaoni ulikuwa na sura mbaya, na nasema hivyo kwa mapenzi. Rangi ya nyuma nyeupe, maandishi meusi, picha hakuna. Ulikuwa wa chama cha wafanyabiashara wa jumla waliotoka Kivu ya Kaskazini wakajenga maisha yao Lubumbashi, na baba yangu ndiye alikuwa rais wa chama. Mwanzoni tuliandika humo bei ya maharagwe, lori lililokwama mpakani Sakania, harusi ya mtoto wa fulani. Ulifunguka kwenye simu ya kila aina, hata zile ndogo za vitufe zinazouzwa sokoni jirani na viazi.

Vita vilipokaribia Goma, maharagwe yakasahauliwa. Ukurasa ule ukawa mahali pa kuulizana nani yuko wapi. Mtu aliandika jina lake na neno moja, "Niko", na ndugu zake wa Lubumbashi, Butembo na Kampala wakapumua. Mimi nilikaa Lubumbashi, kwenye kaunta ya duka la baba mtaani Naviundu, nikiuza chumvi kwa magunia na sabuni kwa katoni, na kati ya mteja na mteja nilisoma majina. Siku hizo nilijua habari za watu wengi kuliko mchungaji wetu.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa Goma. Baba alimweka huko kulinda depo yetu, ghala la bidhaa lililoanzishwa na babu. Mdogo wangu huyo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zake, mcheshi hata msibani, lakini katika jambo moja hakuwa na mzaha: kwetu mtoto wa kiume haachi mahali alipowekwa na baba mpaka baba atamke. Haikuandikwa popote. Baba mwenyewe hakuondoka Butembo ujanani mpaka babu alipomshika kichwa na kumwambia, "Nenda." Tulilelewa na hadithi hiyo, na tuliipenda.

Simu nzuri ya mdogo wangu ilikwisha kunyang'anywa barabarani. Alibaki na ndogo ya vitufe, ya aina ambayo programu za kutumiana ujumbe zilikwisha kuikataa. Umeme ulikuwa umekatika mjini, kwa hiyo aliiwasha kidogo na kuizima. Tulipopiga hatukumpata, ujumbe mfupi ulichelewa au haukufika kabisa. Kilichobaki ni ukurasa. Akaandika humo: "Baba, bantu banatoka na boti kwenda Bukavu. Nitoke ao nibakie na depo?"

Baba hakujibu hapo hapo. Aliwaita baba zangu wadogo, wakajifungia sebuleni, wakasali, wakabishana. Depo ile ilikuwa jasho la vizazi viwili na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema iachwe. Nilipogonga mlango na chai, baba alisema, "Mama, ingia." Ndivyo anavyoniita, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikiwa nagawa vikombe nikamsikia akiwaambia wadogo zake, "Bintu bitapatikana. Mutoto, hapana." Nilitoka nikilia kwa furaha, sinia mkononi, kwa kuwa neno lilikuwa limepatikana.

Sasa, wiki hiyo hiyo ukurasa wetu ulikuwa unashonewa nguo mpya. Kamati ya chama iliona aibu. Ndugu walioko Ulaya, wakubwa wa Kinshasa, waandishi wa habari, wote walikuwa wanatuchungulia, na wazee wetu hawa wenye malori na maghala wakasema hatuwezi kuonekana uchi. Akatafutwa fundi katikati ya mji. Akaweka picha ya mlima wa volkano unaofuka moshi, mishumaa inayowaka, sura za waanzilishi wa chama zikipita moja moja, na wimbo wa kwaya unaojianzisha wenyewe. Kwenye kompyuta ya ofisi, kwa mtandao wa ofisi, ulifunguka kufumba na kufumbua. Nitakuwa mwongo nikisema sikuupenda.

Lubumbashi kitu kipya lazima kimwagiwe kinywaji, iwe gari au diploma, la sivyo hakina baraka. Jumapili baada ya ibada watu wakajaa nyumbani kwetu: bukari, yaani ugali wetu, kuku, soda, na bia kwa wale ambao wokovu wao haujakomaa. Baba akataka jibu kwa mwanawe liwe neno la kwanza kwenye ukurasa mpya. Niliandika mbele ya wote: "Mwanangu, toka leo. Acha depo. Mungu akutangulie." Kwa projekta ya fundi likatokea kubwa ukutani, mshumaa ukiwaka pembeni yake. Watu walipiga makofi, na mama mmoja akapiga vigelegele.

Kisha kila mmoja akatoa simu yake ili naye auone. Niliona nyuso zao. Niliwaona wakigusa kioo, wakingoja, wakigusa tena, halafu wakirudisha simu mfukoni na kusema, "Iko muzuri sana, président." Kati ya wafanyabiashara hakuna anayekubali kusema mbele ya wenzake kwamba ana simu ya hali ya chini. Ukurasa usipofunguka kwako, kosa ni la simu yako, na mwenye simu dhaifu biashara yake nayo itatazamwa vibaya. Basi wakasifu, wakala kuku. Najuta kwamba sikumpokonya hata mmoja simu yake nikaitazama.

Aliyelalamika alikuwa mmoja tu, naye ni baba. Kwenye simu yake, iliyokuwa ya bei kubwa kuliko zote, ukurasa ulikuja haraka lakini kwaya haikuimba. Kamati nzima ikashughulika na kwaya. Fundi alieleza kwamba kila simu na kila kivinjari kina tabia yake, na kwamba simu ya baba hairuhusu sauti mpaka mtu aguse kwanza. Baba akamwuliza, "Nilifungua na nini, na pua?" Fundi akaongeza hiki na kile ili waimbaji waimbe, na kila alichoongeza kilizidisha mzigo.

Nyumbani tulikuwa na furaha. Mdogo wangu hakuandika tena, na sababu tuliijua wenyewe: amesoma, ametoka, yuko kwenye boti. Ukimya wake tuliugeuza kuwa habari njema. Mama yetu alifua mashuka na kumtandikia kitanda.

Dukani nilianza kupata wageni. Jirani mmoja alikuja kununua sabuni akaniomba nimsomee ukurasa, kwa kuwa, alisema, "simu yangu inachoka." Kesho yake mwingine, naye simu inachoka. Halafu dereva wa lori, mwenye simu isiyo mbaya: kwake mlima ulikuja ukafuka, ila maneno hayakufika. Nikamwambia kwa ukali wangu niliozaliwa nao, "Simu zote za Naviundu zinachoka juma moja? Zililima wapi?" Yeye alicheka. Mimi nilimfuata yule jirani wa kwanza, nikaomba simu yake, ndogo ya vitufe, nikaufungua ukurasa. Kikatokea kiduara cha kusubiri, kikazunguka. Nilirudi kaunta nikahudumia mteja wa chumvi mpaka gunia likapakiwa, na nilipoitazama tena simu, kiduara kilikuwa bado kinazunguka.

Nilimpigia fundi nikamtukana, maskini, wakati alikuwa amefanya yale aliyoagizwa. Siku hiyo hiyo aliurudisha ukurasa mweupe kwa ajili ya simu ndogo, na kubwa zikabaki na mlima wao na mishumaa yao. Lakini Goma ilikuwa imekwisha kuanguka, na boti zilikuwa zimesimama.

Tulingoja miezi. Siku moja alikuja nyumbani mwanamume ambaye duka lake la vitenge lilipakana na depo yetu. Alikuwa amezunguka Tanzania na Zambia, akaingilia Sakania juu ya gari la mizigo. Alivua kofia, na kabla hajakaa mama alikwisha kuelewa. Waporaji walivunja depo, wakamkuta mdogo wangu mlangoni. Majirani waliobaki walimzika vizuri, ndivyo alivyopata habari njiani, na maombi yalifanyika. Shangazi zangu wakampeleka mama chumbani, na tukabaki watatu sebuleni.

Baba aliuliza jambo moja tu. "Alisoma neno langu?"

Yule mgeni alinitazama mimi, kisha akamtazama yule mzee mbele yake. "Alisoma, papa," akajibu. Nilijua anadanganya, na nilijua anadanganya kwa huruma.

"Alisoma," baba akasema polepole, "na akabakia."

Nilishindwa kuvumilia. Mtoto aliyetii kuliko sisi wote alikuwa anageuzwa mkaidi mbele ya macho yangu, naye hayupo kujitetea. Nikamwambia mgeni, "Ndugu yangu, tafadhali, sema kweli."

Akaikunja kofia yake mikononi. Akasema kila siku alimwita mdogo wangu waende bandarini, na kila siku mdogo wangu alimwonyesha ile simu ndogo. "Aliniambia, unaona, iko inazunguka. Baba angali anawaza. Akimaliza, nitatoka." Hata asubuhi ya boti ya mwisho alimwonyesha, na kiduara kilikuwa kinazunguka, naye akamtakia safari njema.

Baba alitoa simu yake mfukoni, akavaa miwani, akaufungua ukurasa. Ulikuja mara moja. Akashuka na kidole, akapita majina ya watu wengi, mpaka akalipata neno lake mahali nilipoliandika. Akaninyooshea simu ile.

"Lakini inafunguka," akasema. "Angalia, mama. Inafunguka."