Mbegu Iliyobadilishwa kwa Hotipoti

Hapana, dada Sesi, usiniambie mama alilitaka mwenyewe lile hotipoti. Nilikuwepo. Nilikuwa darasa la tatu, hapa hapa Namawala, mpunga umeshavunwa, na kila jioni tulisikia spika ya gari la vyombo ikinguruma kwa mbali, halafu kijiji cha jirani, halafu kwetu. Kabla ya gari lile mama hakuwahi kutamka neno hotipoti. Tulikuwa tunakula sufuriani na kugombania ukoko. Chakula chetu hakikuwahi kupata nafasi ya kupoa.

Muuzaji alimwamkia vizuri tu. "Shikamoo mama. Sasa mgeni akija, utampakulia kwenye masizi haya?" Mama akacheka, lakini nilimwona anaitazama sufuria yake kama vile ndiyo kwanza anaiona. Jirani yetu Mama Deo, kakumbatia hotipoti lake lenye maua, akachomekea, "Mwache, wageni wake wamezoea moshi!" Watu wakaangua kicheko. Mpunga mwingine ulishauzwa. Uliobaki ni wa kula na ule wa mbegu, tuliouning'iniza juu ya moto jikoni usiliwe na wadudu. Mama akaushusha wa mbegu. Bibi akamshika mkono, "Mwanangu, utapanda nini?" Mama akasema, "Mbegu nitapata tu," akampimia muuzaji, akapokea hotipoti. Kweli alipata. Mvua zilipoanza akachukua ya kuokoteza sokoni, na nyingi ilikuwa ya mpunga mwitu. Uliota kijani kile kile, urefu ule ule. Tukaupalilia, tukauamia ndege wasiule, tukauringia kabisa. Kumbe mwitu hupukutisha punje zake chini kabla hujashika mundu. Tulivuna mabua. Mwaka ule hotipoti lilikaa kabatini linang'aa, tupu, na sisi tunakunywa uji wa mihogo. Na zile punje zilizopukutika hazikuondoka: mpaka leo tunang'oa mwitu kwenye shamba lile.

Siku hizi gari halina haja ya kufika ndipo mtu atamani. Wiki iliyopita hukuijua hiyo sabufa ya muziki yenye taa. Umeiona kwenye simu, sasa unasema nyumba bila sabufa ni kaburi. Gari lenyewe linapita kesho, na wewe umeshaanza kumbembeleza mama atoe gunia la mbegu. Yeye anacheka tu. Mimi siwezi kusubiri mbishane mpaka mwafikiane. Kesho kabla hakujakucha nalifunga gunia kwenye baiskeli, nalipeleka Ifakara kwa shangazi, likae chumbani kwake mpaka mvua za kupandia. Utaninunia. Ninunie.