Bao Moja la Heber Olascoaga

Heber Olascoaga aliishi kwa kufunga mabao tangu ujana wake hadi magoti yalipomgomea. Montevideo, mji mkuu wa nchi yake, walimpenda. Mexico walimpenda zaidi, mpaka walipopata kijana mwenye mbio kumzidi. Lakini kwao La Calera, mji wa machungwa na kiwanda cha chokaa kilichofungwa, hakuna aliyejisumbua na mabao yake mengi. Walizungumzia moja tu, tena baada ya kutema mate.

Siku hiyo alivaa jezi ya timu kubwa ya Montevideo. Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi, na La Calera walihitaji sare tu wasishuke daraja. Kona ikapigwa, beki akateleza, Heber akaupiga mpira kichwa, nyavu zikatikisika. Mpaka hapo hana kosa; kazi ni kazi. Kosa ni lililofuata. Kila mchezaji wa nchi ile anajua kwamba ukiifunga timu iliyokulea unashusha mikono, unainamisha kichwa, unarudi katikati kimya kama mtu anayetoka msibani. Heber yeye alikimbilia jukwaa la nyumbani, akaweka kiganja sikioni: mbona siwasikii? Walikuwa wamemtukania marehemu mama yake tangu mpira uanze, na damu ilikuwa imemchemka. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa miaka yote, na haikuwahi kumtosha. La Calera walishuka na hawajapanda tena. Yeye wakambatiza jina jipya, Sikio.

Sasa klabu ilikuwa na sherehe, na maveterani wangecheza na wenzao wa mji jirani. Rais wa klabu alipompigia simu, Heber alikubali kabla mzee wa watu hajamaliza kueleza. Alitaka kitu kimoja tu: kuvaa tena jezi ya buluu, namba tisa, mbele ya watu wake. Na jezi ya La Calera mtu hajichukulii msumarini. Doña Nélida, bibi mfuaji wa klabu, humkabidhi kila mchezaji yake mkononi. Huyo Nélida ndiye aliyemlea Heber mama yake alipofariki, kwa supu ya mifupa na vikofi vya kisogoni. Tangu bao lile Heber hakuthubutu hata kumpigia simu. Aliona haya, na haya ilivyozidi kukaa ndivyo ilivyozidi kunenepa.

"Ala! Sikio mwenyewe!" alipayuka Bentancur, kipa wa zamani, kitambi mbele, Heber alipoingia chumba cha kubadilishia nguo. "Semeni kwa sauti, jamani, mzee hasikii!"

"Wewe hata mpira huuoni, tumbo limeuziba," alijibu Heber.

Walicheka, wakampa kibuyu cha yerba, chai yao chungu ya majani, anyonye kwa mrija kama wengine, naye akaamini mambo yamekwisha. Kisha Nélida akaingia na kapu lake. Aligawa jezi moja moja, akiita majina. Namba tisa alimpa muuza nyama. Kapu lilipobaki tupu, alimletea Heber jezi nyekundu, ya wageni.

"Wamepungukiwa mtu," alisema.

"Doña, mimi ni wa hapa."

"Vaa, mwanangu. Watu wanasubiri."

Akatoka. Heber alimfuata hadi koridoni, jezi mkononi.

"Walimtukana mama, Doña. Jukwaa zima."

"Nilisikia. Nilikuwepo."

"Sikumlenga mtu. Wewe hasa sikukulenga."

Nélida alilitua kapu sakafuni. "Ulipofunga nilisimama kukupigia makofi. Wakanirushia maganda ya machungwa, sikukaa. Ukaja mbio hadi kwenye uzio, nikadhani umeniona. Nikakuinulia mikono."

Heber alimkumbuka. Jua lilikuwa machoni, na katika jukwaa lote alimwona mwanamke mmoja amesimama, mikono juu. Alidhani anamlaani. Akamchagua huyo. Kiganja kile alikiweka kwa ajili yake, na kwa mdomo akamtupia neno ambalo mwanamume halitamki mbele ya mama wa mtu. Kwa miaka yote alikuwa amekikumbuka kiganja chake mwenyewe na kulisahau lile neno.

"Ulisikia nilichosema?" aliuliza.

"Nilisikia, mwanangu."

Alitamani ardhi impasukie. Hakuwa na la kuomba tena, si jezi wala msamaha. Nélida alimsaidia kuvaa ile nyekundu, akamnyooshea kola kama zamani, akaenda zake jukwaani.

Alipotokeza uwanjani miluzi ilimpokea, na safari hii aliona ni haki yao. Alimtafuta Nélida kwa macho hadi akampata. Hakuwa akizomea, wala safari hii hakusimama kumpigia makofi. Alikuwa ameketi tu, mikono mapajani.