Masale Ndani ya Ukungu

Nakumbuka asubuhi moja kule Mwika, miaka ile bei ya kahawa ilipoporomoka na watu wakaanza kugombania hata upana wa unyayo kwenye vihamba vyao, yale mashamba ya urithi ya migomba na kahawa. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, mimba ya kwanza tumboni, mdomo mwepesi kuliko miguu. Natoka kukata majani ya ng'ombe, nikamwona jirani yetu, Mama Aneti, kwenye ukungu mzito, ameinama mpakani anang'oa masale. Mwanangu, masale kwetu si mmea wa kupamba ua. Ndiyo mpaka, na ndiyo tunayoshika tukiomba msamaha. Anayeyang'oa ametangaza vita.

Nikatupa mzigo, nikakimbilia nyumbani kumwita mume wangu aje na panga. Mama mkwe akanishika mkono mlangoni.

"Umeona nini?"

"Mama Aneti anatuibia shamba!"

"Umeona mtu ameinama. Hayo mengine umeongeza mwenyewe. Njoo ukae."

Akanikalisha kando ya mfereji, mahali panapotazamana na mpaka, akaniambia nifumbe macho, nifuate pumzi yangu tu, ikiingia na ikitoka. Yeye alikaa hivyo kila asubuhi baada ya sala, nami nilidhani ni uzee unamsinzisha. Nilikaa nimevimba kwa hasira. Baadaye nikaanza kuyasikia maji, kisha moyo wangu mwenyewe ukipungua mbio. Nilipofumbua macho ukungu ulikuwa umepanda. Mgomba wetu ulikuwa umeangushwa na upepo, umelalia masale, naye Mama Aneti alikuwa akiyatoa chini yake na kuyapanda upya palepale yalipokuwa.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia, aibu imenijaa.

"Marahaba, mwanangu. Usije ukainua mgomba na hilo tumbo!"

Uchungu uliponishika, mume wangu alikuwa Moshi mjini na mama yangu mzazi yuko Rau. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto wangu alipokewa na Mama Aneti, kwa mikono ileile niliyoiona ikiiba. Mpaka leo naogopa nikiwaza lile panga.

Basi mwanangu, jicho ni shahidi tu, usilikalishe kwenye kiti cha hakimu. Kila asubuhi, kabla ya redio na maneno ya watu, kaa kimya kidogo na pumzi yako. Utalala vizuri, hutaunguza ndizi jikoni, na neno la hasira litapoa kabla halijafika mdomoni. Mungu akutulize moyo, na siku ya uchungu wako akukutanishe na jirani uliyemwacha salama.