Wifi Yuko Kwenye Bango

Saa mbili asubuhi, Mama Vifuniko anapita mbele ya ofisi ya serikali, gunia begani, akilitazama bango kwa jicho la pembeni. Angekuwa na njia nyingine ya kwenda bandani kwake, angeifuata.

Bango linatangaza sera mpya ya taifa ya uchumi mzunguko, ile inayotaka kilichotumika kisitupwe, kirudi kiwandani kitengenezwe upya. Katikati anatabasamu mwanamke mwenye koti la kijani, chupa ya maji mkononi. Ni wifi yake, mdogo wa mumewe.

"Nilimfundisha mimi," anamwambia mwandishi wa habari kabla hajaulizwa.

Amechambua plastiki kwa miaka kumi na tisa. Wifi alipoachika, miaka minne iliyopita, yeye ndiye aliyempa glavu na kigoda kando ya beseni la maji, akamwonyesha plastiki ya kuzama na ya kuelea.

Kisha ikaja fomu. Serikali ilikuwa inawasajili wachambuzi, wapewe vitambulisho vya kuuzia mzigo kwenye kituo kipya. Penye neno "Kazi", Mama Vifuniko aliandika anachofanya: kuokota chupa. Wifi aliandika "mrejelezaji", yaani mwenye kurudisha taka zitumike tena, neno alilolisikia redioni asubuhi ileile.

Wifi akapata kitambulisho na koti. Mama Vifuniko akaingizwa kwenye orodha ya wasio na kazi, wa kusaidiwa kuitafuta.

"Wivu ninao, andika tu," anasema huku akitua gunia. "Lile koti linaniuma. Akipita hapa anatembea polepole makusudi, nilione mpaka mgongoni."

Usajili wa awamu ya pili unafungwa Ijumaa. Wanunuzi wote wamehamia kituoni, na magunia kumi na moja yamelala bandani bila pa kwenda. Mumewe amemshauri amwombe wifi amsaidie kujaza fomu. Amemjibu kwamba ni heri azitafune hizo chupa.

Kitu kimoja tu humfariji. Chupa ya kwenye bango ina kifuniko. Chupa huzama, kifuniko huelea, na kiwanda hakivitaki pamoja. Mchambuzi yeyote huanza kwa kukifungua.

"Taifa zima linaona," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Kabla ya saa sita wifi anafika mwenyewe, akisukuma mkokoteni. Kituo kimemrudishia kilo themanini, zote zina vifuniko.

"Si nilikwambia siku ya kwanza?"

"Uliniambia, wifi. Neno nimelijua, kazi bado."

Mama Vifuniko anamsogezea kigoda kwa mguu. Wifi analivua koti lisichafuke, analitundika msumarini. Wanafungua vifuniko, na macho ya mwenye banda hayabanduki msumarini.

"Hilo neno lenu," anauliza hatimaye, bila kumtazama mwenzake, "inatangulia l au r?"

"R kwanza, wifi. L inakuja nyuma."

Mama Vifuniko analiandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya gunia tupu, herufi kubwa kubwa, kisha analikunja vizuri. Ijumaa atakuwa wa kwanza dirishani. Na koti akilipata, ameshapanga pa kwenda nalo: atapita mbele ya nyumba ya wifi.

"Polepole," anasema. "Tena mara mbili."