Mikwaruzo kwenye Koti la Baba

Chekeni sasa hivi mmalize kabisa, maana hapa Morotonga watu bado hawajamaliza, na kuna mama sokoni haniuzii nyanya mpaka aniulize kama leo nimekuja na moto wangu. Mimi ndiye Bhoke niliyeita akina mama wa kanisa waje kuliombea koti.

Chanzo ni tembo. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikabaki na wadogo zangu, Mwita na Robhi, na kinachotulisha ni shamba la mahindi ambalo tembo wanalipenda kuliko sisi. Shangazi yetu wa Tarime alishasema wazi: tembo wakila tena, anawagawa watoto kwa ndugu, Mwita huku, Robhi kule. Basi nikaanza kujifunza kwenye simu jinsi ya kubuni lenzi, nijitengenezee darubini ya kuwaona tembo wangali mbali. Nilichora miale ya jua inayoingia kwenye kioo ikiwa imenyooka na kutoka ikikutana kwenye nukta moja, nikaichora kwenye karatasi, kwenye ukuta wa jiko, hata kwenye vumbi nikisubiri maji bombani. Halafu nikachukua kioo kinene cha meza iliyovunjika, nikasaga kipande juu ya kipande kwa mchanga na maji, nikaking'arisha kwa dawa ya magari niliyoomba gereji, mpaka nikapata lenzi yenye upana wa mdomo wa kikombe.

Nilijaribu kuchomea nyasi nayo, nikiishika karibu karibu hivi, hazikuwaka. Nikasema sawa, hii si ya moto, hii ni ya kuonea mbali. (Mwanafunzi mzuri sana mimi.)

Kuijaribu vizuri kunataka chumba chenye giza, na chumba cha giza nyumbani ni cha wazazi, ambacho tangu wafariki hatulali humo. Nikatoboa dirisha la mbao, nikapachika lenzi kwenye tundu, nikaizungushia udongo wa mfinyanzi. Asubuhi ile niliona mti wa uani ukining'inia kichwa chini kwenye shuka nililoshika, majani yakitikisika bila sauti. Nikafurahi, na nikaamua kitu kidogo tu, kuiacha palepale isije ikaanguka. Nikafunga mlango nikaenda shambani.

Kesho yake nilipofungua mlango, Robhi aliingia akatoka ameshika mdomo. "Dada, kuna kitu kimekwaruza koti la baba."

Koti jeusi la baba linaning'inia kwenye kamba, hatua moja kutoka dirishani. Mgongoni palikuwa na mstari mwembamba uliopanda kutoka kiunoni kwenda begani, kingo zake zimekauka, kama ukucha wa moto umepita. Nikasema panya. Siku iliyofuata kulikuwa na mstari wa pili pembeni ya ule wa kwanza. Halafu wa tatu. Yote imepanda, hakuna unaoshuka, na chumbani harufu ya nywele zilizoungua, wakati mlango nimeufunga mwenyewe na ufunguo ninao shingoni. Robhi akakataa kula. Usiku alikuwa akinong'ona, "Tata, usikasirike," na kwetu Tata ndiye baba, mjue wenyewe nililalaje.

Shangazi akasikia (kijijini mtu akipiga chafya huku, Tarime wanasema pole), akaja na mfuko wa kubebea nguo za watoto tayari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaka yangu hana raha humu ndani. Watoto naondoka nao leo."

"Ngoja kwanza tuombe," nikasema, nikakimbia kuwaita akina mama wa kanisa, wakaja na majirani wakawafuata, kwa hiyo jioni ile, jua likiwa linashuka upande wa dirisha, chumba kilijaa na wengine wakabaki uani na wadogo zangu.

Tukaimba. Katikati ya wimbo sauti zikakatika moja moja. Moshi ulikuwa unatoka kwenye koti. Mwembamba, umenyooka, na hakuna mtu aliyeligusa.

"Kaka!" Shangazi akapiga magoti. "Kaka, umekasirikia nini?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasimama mbele ya koti nikiligeukia, mgongo kwa dirisha, nikapiga kelele, "Tata, kama unataka mtu nichukue mimi, watoto uniachie!"

Nikajibiwa. Kitu kilinigusa kisogoni kwa kidole cha moto, wigi langu la rasta lililotokeza chini ya kilemba likaanza kuyeyuka, nikaruka nikimkanyaga mama mmoja, nikavua rasta na kilemba pamoja nikavitupa, watu wakatoka kwa mlango mmoja wote kwa wakati mmoja, na mimi na kichwa changu cha matuta tukaanguka chini.

Nikiwa pale chini ndipo nilipoiona. Ndani ya moshi ulisimama mwanga, mpana dirishani, ukichongoka mpaka nukta moja. Ule mchoro wangu. Ulikuwa hewani, na kadiri jua lilivyoshuka nukta ilipanda mgongoni mwa koti.

Chumbani alibaki shangazi, bado amepiga magoti. "Nimekusikia, kaka. Watoto wabaki."

Ningenyamaza ningeshinda, nawaambia ukweli. Lakini Robhi angekua akimwogopa baba yake. Nikainuka, nikaweka kiganja mbele ya lenzi, moshi ukakoma. "Shangazi, si baba. Ni mimi."

Nikaona mkono wake unarudi kwenye mfuko wa nguo. Wakati huohuo wingu likafunika jua. Nikatoa kiganja, nikachukua shuka nikalitandaza mahali pa koti ili aelewe, na uwanja wetu ukatokea juu yake: watu wadogo wenye rangi zao, kichwa chini, wakipita kimya kama hawana uzito. Pembeni Mwita na Robhi, wameshikana mikono, miguu juu.

Shangazi akasogea akamgusa Robhi kwenye shuka. "Hivi ndivyo marehemu wanavyotuona?"

Somo langu halikufika huko.

"Hawaachani hata wakigeuzwa," akasema, akatundika ule mfuko msumarini. "Wabaki. Ila hicho kidude kifunike."

Huko nje walikuwa wametusikia kupitia mlangoni na wameshajua, kicheko kilisikika mpaka barabarani. Tangu siku hiyo lenzi yangu hailali bila kitambaa, na chumbani kwa wazazi siingii nayo tena. Koti nalivaa mimi nikilinda shamba. Upepo unapitia kwenye ile mikwaruzo, na mara nyingine, tembo wakiwa kimya, nahisi joto begani, nageuka kutazama jua liko wapi.