Kitambaa Changu cha Kochi Kwenye Bango la Tamasha

Admin, jina langu lifiche kabisa maana hapa Katesh tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 34. Mume wangu ana kiofisi cha kutengeneza mabango na kadi za harusi. Tumefunga ndoa kanisani, tuna watoto, na simu yake sijawahi kuipekua.

Mwezi uliopita nilikwenda Getanuwas kumuuguza mama. Niliporudi nikakuta bango la tamasha la kwaya limebandikwa stendi nzima, kazi ya mume wangu. Jamani, bango baya! KARIBUNI imeandikwa KALIBUNI, tarehe imejificha kwenye viatu vya wanakwaya, maandishi ya njano juu ya nyeupe hayasomeki. Mwalimu wa kwaya kakatwa nusu kichwa! Lakini yule dada mwimbaji mwalikwa, mh! Kawekwa katikati, mkubwa, hata nywele zimetenganishwa na picha ya nyuma unywele kwa unywele.

Nikasogea karibu. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mtu akishika kiuno kwenye picha, ile nafasi kati ya mkono na kiuno ndiyo mafundi husahau kuifuta wakimkata mtu kwenye picha, vya nyuma yake vinabaki. Dada kashika kiuno. Na pale ndani nikaona kitambaa cha kochi, maua ya rangi ya chungwa yanamalizikia kijani. Kitambaa hicho nimekifuma mimi, cha kochi letu la nyumbani! Uzi wa chungwa uliniishia, nikamalizia na kijani.

Nyumbani nikajikaza. "Baba watoto, bango lako lina makosa. Kalibuni ndiyo nini? Tarehe haionekani, na mwalimu umemkata kichwa." Kitambaa sikukitaja.

Akacheka. "Mama watoto, wewe fuma vitambaa vyako, mabango niachie mwenyewe."

"Na picha ya yule dada umeitoa wapi?"

"Si kanitumia kwa simu," akajibu, akatoka hata chai hajamaliza.

Juzi limebandikwa bango jipya. KALIBUNI ipo vilevile. Tarehe bado iko viatuni, mwalimu bado hana nusu kichwa. Kilichorekebishwa ni kimoja tu: pale kiunoni pamepakwa bluu.

Ndugu zangu, makosa yote nilimtajia isipokuwa hilo! Na tamasha ni Jumapili hii, ameshanishonesha na gauni. Mlio kwenye ndoa nisaidieni mawazo: kile kitambaa nikifue nikitandike tena kwenye kochi, au nikikunje nirudi nacho kwa mama?