Gari la Watu Wawili

Mwalimu Eveline, jirani yangu hapa Soweto, Mbeya, alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Ziwa Nyasa amelichora ubaoni mpaka anaweza kulichora amefumba macho, lakini alikuwa hajawahi kulala ufukweni mwake hata siku moja. Na si kwamba hakuwa na gari. Alikuwa na Noah nzuri tu. Tatizo Noah inabeba watu wanane, na kwetu gari la watu wanane si lako. Likiingia uani tu, limeshaingia kwenye hesabu za misiba, harusi na kwaya. Kwa miaka minne Noah ile ilifika Tukuyu, Makambako, Ludewa, kote mazikoni, na mwalimu, ambaye kukataa hajui, ndiye aliyekuwa akiweka mafuta. Springi zikaisha, akaiuza.

Alipostaafu akaniambia, "Siwema, nataka gari la kulala. Nikifika ziwani nafungua mlango, nachemsha chai, nalala humo humo. Safari hii nikilikosa, basi tena, si unaona magoti yangu?" Mimi nauza vitenge, magari siyajui, ila mdomo ninao. Nikaenda naye Iringa, kwenye yadi moja ya magari yaliyotumika pale Ipogolo.

Muuzaji, Nasri, mtu wa maneno matamu, akatupokea kwa Kihehe cha kujifunza. "Kamwene, mama zangu!" Akatupeleka moja kwa moja kwenye Hiace nyeupe, viti kumi na vinne, rangi safi, injini imetulia. "Mama, hii ni bei ya kutupa." Nikamkanyaga mwalimu mguu ili asiiachie. Yeye anatazama pembeni, kwenye Hiace nyingine iliyojaa vumbi, haina madirisha nyuma, ubavuni bado pana mchoro wa mkate.

"Ile inabeba watu wangapi?"

"Ile haikufai, mama. Wawili tu, dereva na mwenzake. Nyuma ni bati tupu."

"Wawili tu? Una hakika?"

"Nakuapia."

Sijawahi kuona mtu anafurahia kasoro namna ile. Na mimi nilikasirika, nasema kweli. Nimetoka Mbeya alfajiri kuja kununua kabati la mikate? Lakini Nasri mwenyewe akakiri kwamba limekaa pale miezi minane hakuna anayeliuliza, na bei yake ni nusu ya lile la viti. Mwalimu akapiga magoti yake mabovu akachungulia chesisi kama imeliwa na kutu. Akainua zulia la mbele, akapapasa kama pana unyevu. Akataka injini iwashwe ikiwa baridi. Kisha akaliendesha mwenyewe kupanda kile kilima cha kwenda mjini Iringa, mimi nimeshikilia kiti na dua zangu zote. Halikuchemsha wala halikutoa moshi. Akalichukua.

Tuliporudi tukapita Mafinga kwa fundi Vitus, akatengeneza kitanda cha mbao za paina, na chini yake droo za sufuria na mtungi wa gesi. Vitus akashauri aongeze na mabenchi ya kukunja, wapate kukaa hata watu sita. Mwalimu alimjia juu mpaka nikamwonea huruma fundi wa watu.

Safari ya ziwani ikapangwa Jumamosi. Alhamisi akafariki mzee mmoja wa jumuiya ya mwalimu kanisani, mazishi Kyela, njia ile ile yetu. Ijumaa saa nne asubuhi mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Sosthenes, akaingia uani. Mwalimu alikuwa ndani ya gari anapanga sufuria. Mikono yake ikasimama.

"Ndaga, mwalimu," akasalimia kwa Kinyakyusa. "Nimekuja kuliona hili gari."

Akapanda. Akabonyeza godoro, akapima kitanda kwa shubiri kutoka mwanzo hadi mwisho. "Hapa ni futi sita?"

"Sita na nusu," mwalimu akajibu kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo tulipoelewa, yeye na mimi, kwa wakati mmoja. Siku zote hizo tulikuwa tunahesabu viti. Jeneza hatukulikumbuka. Na pale lingelala vizuri kuliko sisi. Nilitaka kulia, maana nilijua atasema ndiyo.

"Mzee," akaanza, "kama ni kwa ajili ya marehemu..."

"Marehemu ana gari tangu jana, tumekodi. Najipima mimi. Mama Gloria hanipi raha nyumbani, anataka na sisi tupate la namna hii. Nikasema ngoja kwanza nikaone kama miguu inaenea."

Pumzi iliyomtoka mwalimu niliisikia nikiwa nje. Furaha ikampa ujasiri ambao sikuwahi kuuona kwake. "Mimi nilidhani umekuja kuliomba. Lile la kwanza mlinimalizia, mzee."

Mzee Sosthenes akashangaa kwelikweli. "Si hukuwahi kukataa? Sisi tukajua unapenda. Wengine walitaka tukodi, tukasema tusipomwomba mwalimu ataona tumemtenga."

Mwalimu akakaa kitandani. "Miaka minne," akasema. "Miaka minne, mzee!" Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na mzee naye akacheka bila kujua vizuri anacheka nini. Mwalimu akatoa rambirambi yake, mzee akapokea, akatutakia safari njema.

Nikaenda kuchemsha chai, na niliporudi nayo nilimkuta amejinyoosha kitandani, kiatu kimoja kimeanguka, sufuria hazijapangwa. Amelala fofofo, saa tano asubuhi, gari bado liko uani. Nikafunga mlango taratibu, nikakaa nje na chai yangu, na kila aliyekuja kubisha hodi nikamwambia mwalimu amesafiri.